Mpira wa Vijana na Lugha ya Kuusimulia

Wapo walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba mpira wa miguu hauna nafasi katika somo la Kiswahili, wala katika kurasa za jarida kama hili. Mpira, wasema, ni mambo ya vibandani; lugha ni mambo ya vitabuni. Nakusudia kuipinga rai hiyo, na ushahidi wangu nimeuokota humo humo kibandani, mjini Koboko, Novemba 2025, wakati vijana wetu wa chini ya miaka 17 walipokuwa Qatar.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Uganda ilikuwa haijapata kufika fainali za Kombe la Dunia la rika lolote. Vijana hawa, chini ya kocha Brian Ssenyondo, walipangwa kundi moja na Ufaransa, Chile na Kanada. Walifungwa na Kanada 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Chile, kisha wakaifunga Ufaransa 1-0 kwa goli la James Bogere. Katika mtoano wakaitoa Senegal 1-0, mfungaji akiwa Bogere yule yule. Safari ilikatizwa na Burkina Faso katika hatua ya timu 16, kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 1-1.

Mchezo huo wa mwisho niliutazama Koboko, nilikokwenda kwa shughuli za shule kutoka Arua. Kibanda kilijaa hadi mlangoni. Walikuwamo Wakakwa, Walugbara, Wanubi, wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na wachuuzi waliovuka kutoka Kongo. Sauti ya televisheni ilikuwa ya Kiingereza, na wengi hawakuisikiliza. Mwenye kibanda akaipunguza. Ndipo kijana mmoja, mwendesha bodaboda, akasimama karibu na ukuta akaanza kuusimulia mpira kwa Kiswahili. Hakuombwa na mtu. "Mpira imetoka! Sasa Uganda napiga kona. Kipa iko wapi? Kipa naogopa!" Ngeli zilipigana mieleka, na viambishi vya wakati vilikuwa vimekwenda likizo. Nikakaribia kumsahihisha. Lakini nilipotazama nyuso za watu, nikaufunga mdomo wangu. Kibanda kizima kilikuwa kinacheka pamoja, kinashika vichwa pamoja, na penalti ya mwisho ilipotushinda kilinyamaza pamoja.

Nawauliza wenzangu: ni lugha gani nyingine ingeliweza kazi hiyo mahali pale? Kilugbara kingewaacha Wakakwa, na Kikakwa kingewaacha Walugbara. Kiingereza kiliwaacha karibu wote. Kiswahili, hata kikiwa kimechakaa namna ile, hakikumwacha mtu nje. Na timu ya taifa ni ya nani, kama mtu wa Koboko anapaswa kuitazama kama bubu atazamavyo harusi?

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza nimelisikia tangu utoto: Kiswahili ni lugha ya bunduki. Naam, hapa kwetu West Nile kilienea sana kwa njia ya jeshi, tangu enzi za King's African Rifles. Tena Idi Amin, aliyekuwa na asili ya Koboko, ndiye aliyetoa amri mwaka 1973 kiwe lugha ya taifa, na askari wake wakakitumia kuwatisha raia. Hayo siyafichi. Lakini majeshi yaliyomwondoa mwaka 1979, yakiongozwa na yale ya Tanzania, nayo yalizungumza Kiswahili. Aliyefukuza na aliyefukuzwa walitumia maneno yale yale. Vipi basi lugha ibebe dhambi ya mmoja wao? Baada ya vita watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Mama yangu, aliyenizaa ukimbizini upande wa Zaire mwaka 1982, aliuza muhogo kwa Kibangala na kwa Kiswahili. Kwake lugha hii haikuwa bunduki. Ilikuwa chumvi na sabuni.

Jibu la pili ni la wasomi: kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha, na kwamba "penalti" na "kona" si Kiswahili bali ni ukopaji tu. Hoja hii ni dhaifu kuliko ya kwanza. Kama neno la kukopa si letu, basi tuzirudishe kwa Waarabu "kitabu" na "elimu", na kwa Wareno "meza", halafu tuone tutafundishia nini. Isitoshe, lugha hii haijakopa tu. Ina mlinda lango, kiungo, mwamuzi, kipenga, mpira wa adhabu, kuotea, na mpira uliotulia nyavuni. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Februari 2025, alitangaza mpira redioni kwa lugha hii miaka mingi, na waliomsikiliza waliuona uwanja kwa masikio. Istilahi zipo. Zinazokosekana ni ndimi zilizozoezwa kuzitumia.

Na hapo lawama inarudi kwetu walimu. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi ya pili, jambo ambalo Katiba ilikuwa imekwisha litamka tangu marekebisho ya 2005. Mlango umefunguliwa, nasi tumesimama kizingitini tukikariri jedwali la ngeli. Baada ya ushindi juu ya Ufaransa niliwataka wanafunzi wangu wa kidato cha pili wausimulie mchezo ule kwa dakika mbili. Wale wanaopata alama za juu katika sarufi walikwama kwenye sentensi ya tatu. Yule bodaboda wa Koboko alisimulia mchezo mzima. Yeye ana ulimi bila sarufi, wao wana sarufi bila ulimi, nami ndiye mwalimu wao.

Si mara ya kwanza tunapitwa. Machi 2021 vijana wetu wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika nchini Mauritania. Waliifunga Tunisia 4-1 katika nusu fainali, Derrick Kakooza akitia magoli matatu, kisha wakafungwa na Ghana 2-0. Wazee wa Arua walitikisa vichwa, kwa kuwa mwaka 1978 timu ya wakubwa ilifungwa na Ghana hiyo hiyo, katika fainali ya Afrika, kwa magoli yale yale mawili, na safari zote mbili mfungaji wa yote mawili aliitwa Afriyie. Kisa gani kitamu kuliko hicho kwa insha au ngonjera? Mimi sikukifundisha. Nilikuwa nikisahihisha vinyume vya maneno.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila timu ya vijana ya taifa inaposhiriki mashindano, mchezo mmoja usimuliwe darasani kwa mdomo, kisha kwa kalamu, na upewe alama kama insha nyingine yoyote. Pili, walimu wa Arua na Koboko waende kwenye redio za hapa petu na kuomba walau nusu saa, wanafunzi wasimulie kwa Kiswahili mchezo uliopita. Tatu, chama chetu kikusanye maneno ya mpira yanayotumika kutoka Mombasa hadi Ariwara, kama watu wanavyoyasema, kabla ya kuyahukumu.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na ombi lao waliliita kwa neno la Kiswahili: Pamoja. Wageni watakapotuuliza maana yake, itakuwa aibu tukiwajibu kwa Kiingereza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wamekwisha cheza, na tuzo tuliyo nayo sisi walimu ni kuwasimulia kwa lugha ambayo mtu wa kwao ataisikia.