Kasi ya Barabarani Inakula Mafuta ya Umma

Katika ofisi nyingi za umma zenye gari, ipo karatasi moja inayojulikana na kila mtumishi: maombi ya mafuta. Mwaka wa fedha unapoelekea ukingoni karatasi hiyo huanza kurudi na jibu fupi kwamba fungu limekwisha. Ziara ya kuzikagua shule za kata za mbali huahirishwa, na mwalimu aliyekuwa akimngojea mgeni kutoka wilayani huendelea kungoja. Lawama hutupiwa bajeti, au bei inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Ni nadra kuulizwa swali jingine lililo jepesi zaidi: mafuta yaliyokwisha kutumika yalichomwa kwa mwendo gani?

Gari linalokwenda kwenye barabara kuu hupambana na mambo mawili makubwa: uzito wake juu ya matairi, na hewa iliyo mbele yake. Upinzani wa matairi haubadiliki sana mwendo unapoongezeka. Upinzani wa hewa, kinyume chake, huongezeka kwa mraba wa mwendo. Anayetoka kilomita 80 kwa saa hadi 120 ameongeza mwendo wake kwa nusu tu, lakini hewa humsukuma nyuma kwa nguvu ya mara mbili na robo. Kazi ambayo injini hutakiwa kuifanya kila dakika ili kuushinda upinzani huo hupanda kwa zaidi ya mara tatu. Kila aliyewahi kuendesha baiskeli akiukabili upepo wa Singida ameionja kanuni hiyo miguuni mwake.

Vipimo vinathibitisha jambo hilo. Maabara ya Oak Ridge nchini Marekani iliyachunguza magari 74 ya aina mbalimbali na kutoa matokeo yake mwaka 2013. Mwendo ulipopanda kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 97, umbali uliopatikana kwa lita moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ulipopanda kutoka 97 hadi 113, ulipungua tena kwa asilimia 14; na kutoka 113 hadi 129, kwa asilimia 15. Ni dhahiri kwamba kila hatua ya kasi hulipiwa kwa gharama kubwa kuliko hatua iliyoitangulia.

Ichukuliwe safari ambayo watumishi wengi wanaifahamu, ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kiasi cha kilomita 450. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja likiwa kwenye mwendo wa 80 lingehitaji lita 45. Kwa vipimo vya hapo juu, gari hilo hilo likienda kwa 97 lingehitaji lita 51, na kwa 113 lingehitaji karibu lita 60. Anayeshuka kutoka 113 hadi 97 angechelewa kwa dakika 40 hivi, na angeokoa lita 8 kwa safari ya upande mmoja.

Hata hizo dakika 40 ni hesabu ya karatasini. Barabara hiyo hupita Chalinze, Morogoro, Gairo na Kibaigwa, na kati yake vijiji vingi vyenye vibao vya 50 na matuta. Ikiwa, kwa mfano, theluthi moja ya safari ni ya maeneo hayo, faida ya mwenye haraka hushuka na kuwa chini ya nusu saa. Na kila anapofika kwenye kibao akiwa na kasi kubwa, hulazimika kukanyaga breki. Nguvu yote iliyonunuliwa kwa mafuta hugeuka joto na kupotelea hewani. Kisha huinunua upya kijiji kinapokwisha. Dereva anayeachia mafuta mapema na kuliacha gari lijipunguze lenyewe hufika karibu wakati ule ule, na tangi lake likiwa zito zaidi.

Wapo wanaodai kwamba wakati wa ofisa nao ni mali ya umma, na kwamba kuukalisha garini ni hasara. Hoja hii ina uzito wake, na haipasi kupuuzwa. Gari la wagonjwa halina budi kuwahi. Lakini safari nyingi za kikazi ni za mikutano ambayo barua zake zilifika siku kadhaa kabla. Kuondoka saa moja mapema hakuchomi hata tone la mafuta. Mara nyingi kasi ya barabarani ni deni la uzembe uliofanyika ofisini asubuhi, na anayelilipa ni mwananchi.

Yafaa pia ieleweke kwamba kubana mafuta si kujikokota. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa kwa gia ndogo huunguruma muda mrefu na kufika mbali kidogo kwa kila lita. Kwa magari mengi mwendo wenye nafuu upo kati ya 60 na 80 kwenye gia ya juu.

Mataifa tajiri nayo yamewahi kulisoma somo hili kwa shida. Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89, kwa nchi nzima. Vifo vya barabarani vilishuka kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi kiasi cha 45,000 mwaka 1974, ingawa sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kusafiri kidogo. Lakini madereva wengi hawakuridhika na kikomo hicho, wakakivunja waziwazi, na mwaka 1995 kikafutwa. Sheria isiyosadikiwa na wanaoitii haidumu.

Hapa nchini, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha 50 kwenye makazi na 80 kwa mabasi na malori makubwa. Kikomo hicho cha 80 hakiligusi gari dogo la ofisi likiwa kwenye barabara kuu. Hapo kinachoamua ni mguu wa dereva, na mara nyingi zaidi ni sauti ya mkubwa aliyeketi nyuma. Dereva anayeambiwa “kanyaga, tumechelewa” hana pa kukatalia. Kwa hiyo haifai akiba ya mafuta ihubiriwe kwa madereva peke yao. Mwenye kuanza ni mkuu wa msafara: aondoke kwa wakati, ataje mwendo anaoutaka, na daftari la safari lionyeshe saa ya kuondoka, saa ya kufika na kilomita zilizopatikana kwa kila lita. Upepo wa matairi upimwe kabla ya safari, na keria isiyo na mzigo iondolewe juu ya gari.

Nchi hii huagiza kutoka nje petroli na dizeli yote inayotumia, na huilipia kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilikwisha kuacha kusafisha mafuta. Mwalimu wa hesabu au fizikia anaweza kuupeleka mfano huu wa mraba darasani kesho asubuhi, nao utaeleweka kuliko mifano mingi ya vitabuni. Mtumishi wa wilayani naye aipeleke hesabu yake mbali zaidi. Lita 8 zilizookolewa njiani ni kilomita 80 za lami, au, barabara ikiwa mbaya, hata nusu ya hizo. Kwa shule nyingi za pembezoni, kilomita 40 zinatosha kumfikisha mgeni aliyekuwa akingojewa.