Wi-Fi Ipo, Intaneti Haipo: Tutafute Palipokatika

Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi, yaani kompyuta mpakato inayokataa kuingia mtandaoni. Asiseme mtu, "Hayo ni mambo ya watu wa mjini." La hasha! Vijana wetu huomba mikopo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Vyeti vya kuzaliwa huhakikiwa na RITA kwa njia hiyo hiyo. Matokeo ya mitihani ya taifa hutazamwa huko huko. Tena maombi haya yana siku yake ya mwisho. Siku ikipita, mlango umefungwa, hata kijana awe na akili namna gani. Basi kompyuta ikigoma usiku wa mwisho, jambo lililo hatarini ni mwaka mzima wa mtoto.

Na hapo ndipo lawama huanza. Baba asema, "Wewe umeiharibu." Kijana asema, "Kampuni imetuibia bando." Dada mtu abonyeza hapa, kaka mtu abonyeza pale, na baada ya saa moja tatizo moja limekuwa matatu. Wazee walisema kweli: Mkamia maji hayanywi.

Leo nataka mshike neno moja tu: kuunganishwa na Wi-Fi si kuwa na intaneti. Ni safari mbili mbalimbali. Mtu akijua kuzitenganisha, nusu ya kazi ya fundi amekwisha kuifanya mwenyewe, wala hakutoa hata shilingi.

WI-FI NI KITU GANI?

Fikirini maji ya bomba ya kijiji. Kuna chemchemi mlimani. Bomba kubwa huleta maji mpaka kwenye tangi. Bomba dogo huyatoa tangini na kuyafikisha kwenye koki ya nyumbani. Koki ikikauka, mtu mwenye busara haanzi kuing'oa. Huuliza kwanza: Jirani anapata maji? Tangi lina kitu?

Intaneti ni vivyo hivyo. Chemchemi ni kampuni ya simu pamoja na mnara wake. Tangi ni ruta, yaani kile kisanduku kidogo chenye taa kinachotiwa laini. Koki ni kompyuta yako. Na lile bomba dogo kutoka ruta mpaka kompyuta, lipitalo hewani bila waya, ndilo Wi-Fi. Bomba hilo ni fupi. Hutosha nyumba na sehemu ya uani, basi.

Vitu hivi viwili havikuzaliwa pamoja. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Bwana Norman Abramson na wenzake walianza kupitisha habari za kompyuta kwa mawimbi ya redio kutoka kisiwa hadi kisiwa, wasitegemee waya za simu. Kanuni za kwanza za namna hii ya leo zilitolewa mwaka 1997, na jina Wi-Fi lilianza kutumika mwaka 1999. Wakati huo intaneti ilikuwa imekwisha kuenea katika nchi nyingi kwa waya. Kwa hiyo Wi-Fi ni bomba tu, si chemchemi.

Ile mipinde midogo unayoiona kwenye kioo cha kompyuta huonyesha nguvu ya bomba dogo peke yake. Bando likiisha, mipinde yaweza kubaki imejaa vilevile, maana ruta na kompyuta bado zinasikilizana. Tangi li karibu nawe, lakini ni tupu.

JINSI YA KUUNGANISHA

Katika kompyuta yenye Windows, tazama chini upande wa kulia, karibu na saa. Bonyeza alama ya mipinde, au ile ya mfano wa dunia. Itatokea orodha ya majina. Chagua jina la ruta yako. Kwa kawaida jina hilo, pamoja na neno la siri, limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma ya ruta.

Liandike neno la siri polepole. Herufi kubwa na herufi ndogo si sawa. Sifuri si O, na moja si L ndogo. Wengi hulaumu mtandao kumbe ni herufi moja tu iliyowaponyoka.

Kama huna ruta, simu yako yaweza kufanya kazi hiyo. Fungua mipangilio ya simu, washa hotspoti, nayo simu itakuwa tangi dogo. Ila kumbuka kwamba kila kitakachochotwa kitatoka kwenye bando la simu.

SWALI LA KWANZA: SIMU INAPATA?

Mtandao ukikataa, usiguse kitu bado. Chukua simu. Zima data yake, kisha iunganishe na Wi-Fi hiyo hiyo. Fungua habari yoyote ambayo hukuifungua leo. Usisahau kuzima data, kwa sababu simu nyingi zikiona Wi-Fi haina kitu huiacha kimya kimya na kutumia bando lake zenyewe. Hapo utadhani ruta ni nzima, nawe umedanganyika.

Jibu lake laonyesha pa kwenda. Simu ikipata na kompyuta isipate, tafuta kwenye kompyuta. Zote mbili zisipopata, iache kompyuta kwa sasa, utafute kwenye ruta au kwenye mnara.

KAMA KOMPYUTA PEKE YAKE NDIYO IMEKATAA

Kwanza, tazama kama kuna alama ya ndege pale palipokuwa na mipinde. Maana yake mawimbi yote yamezimwa. Mara nyingi mtu ameigusa kwa bahati mbaya ile batani ya juu yenye picha ya ndege au ya mnara. Ibonyeze tena. Kompyuta nyingine za zamani zina swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni au kwa mbele, isukume.

Pili, kama jina la ruta halionekani kabisa, sogea karibu nayo. Likiendelea kufichika, jua kwamba ruta nyingi hutumia mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya pili ni ya haraka, lakini huchoka upesi yakikutana na kuta, na kompyuta nyingi za zamani haziyaoni. Kama ruta yako yatoa majina mawili, tumia la 2.4.

Tatu, kama neno la siri la ruta lilibadilishwa, kompyuta yaweza kung'ang'ania lile la zamani. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uiamuru kompyuta iusahau mtandao huo, kisha uunganishe upya kama mgeni.

Nne, tazama tarehe na saa. Jambo hili huwashangaza wengi. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa, au iliyochoka betri yake ndogo ya ndani, hupoteza tarehe na kurudi miaka nyuma. Kurasa nyingi zitakataa kufunguka na kutoa onyo la hatari, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama hupimwa kwa tarehe. Sahihisha tarehe, nazo zitafunguka.

Tano, kila chombo kinachoingia hupewa namba na ruta. Ukitazama habari za mtandao katika mipangilio ukaona namba inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta yako iliomba namba isipewe. Zima Wi-Fi ya kompyuta, iwashe tena. Pengine vyombo vimekuwa vingi kuliko ruta iwezavyo kubeba. Toa vya majirani kwanza.

Sita, iwashe kompyuta upya kwa amri yake. Kufunga kifuniko ni kuilaza usingizi tu. Itaamka na ugonjwa wake.

KAMA ZOTE ZIMEKATAA

Sasa njoo kwenye ruta. Uliza kwanza habari za bando, kwa njia ile uliyoelekezwa na kampuni yako. Hili ndilo la kwanza, kwani hakuna ufundi unaoponya tangi tupu.

Bando likiwapo, chomoa ruta kwenye umeme, uhesabu nusu dakika, uichomeke tena. Kama ina betri, izime kwa batani yake. Kisha ngoja dakika tatu bila kuibughudhi. Nayo ni mashine. Yahitaji muda wa kuutafuta mnara.

Tazama pia mahali ilipowekwa. Ruta iliyofichwa kabatini, au nyuma ya pipa la maji, au kando ya mabati, imefungwa mdomo. Chuma huyazuia mawimbi na maji huyameza. Iweke juu mezani karibu na dirisha, hasa lile linaloelekea mnara.

Lisipoponyoka hapo, muulize jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo. Naye akiwa hana, tatizo li kwenye mnara. Ngojeni, au tumieni simu yenye laini ya kampuni nyingine.

Jihadharini na kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta. Mtu asikichokoe kwa sindano ovyo. Hicho huirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na mipangilio yote mliyoweka hufutika. Vivyo hivyo, katika Windows kuna amri ya kufuta na kupanga upya mambo yote ya mtandao. Itafuta na maneno ya siri yote uliyoyahifadhi. Iwe dawa ya mwisho, si ya kwanza.

LAWAMA ILIYOTANGULIA UCHUNGUZI

Hapa ofisini parokiani watu huja na kompyuta kwapani, na habari zao hufanana. Nitawapa moja. Baba mmoja alinunua bando la mwezi ili mwanawe aandike maombi yake ya chuo. Siku ya nne kompyuta ilikataa. Mipinde imejaa, kurasa hazifunguki. Kijana alisemwa mbele ya wageni kwamba ametazama sinema usiku na kuiharibu mashine. Akanyamaza. Baba akapanda basi mpaka mjini, na kule kwa fundi kompyuta ikafanya kazi mara moja. Akarudi nyumbani, ikakataa tena.

Jibu mmekwisha kulijua: bando lilikwisha. Lakini nani alilimaliza? Hakuwa kijana. Kompyuta ilikuwa haijaingia mtandaoni kwa miezi mingi, na ilipopata Wi-Fi ilianza kujipakulia masasisho yake ya miezi yote hiyo, kwa gigabaiti, watu wamelala. Nauli ilipotea, na siku mbili zikapotea. Lakini lililokuwa zito zaidi ni lile neno alilosemwa kijana mbele ya watu. Nauli huweza kupatikana tena.

Kinga yake ni rahisi. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la ruta yako, na uwashe ile sehemu inayoiambia Windows kwamba mtandao huu hulipiwa kwa kipimo. Hapo kompyuta itapunguza sana kujipakulia mambo bila kuulizwa. Lakini masasisho yenyewe msiyaache daima, maana hulinda mashine. Siku mnapopata mtandao usio na kipimo, shuleni au kwa ndugu, iacheni ipakue.

MASHAURI MATATU YA KUSHIKA

La kwanza: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadili matano kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua ni lipi lililoponya. Weka daftari dogo kando ya ruta, uandike neno la siri, siku bando lilipoanza, na kila tatizo na dawa yake.

La pili: neno la siri la Wi-Fi si la kugawa kama chumvi. Mgeni ukimpa, lichote bando lako kwa hiari yako, lakini usishangae likiisha. Waweza kulibadilisha baadaye.

La tatu: maombi yenye siku ya mwisho yafanyike wiki mbili kabla. Siku ya mwisho watu huwa wengi, na tovuti yenyewe yaweza kulemewa. Hapo hata Wi-Fi nzuri namna gani haitakusaidia.

Mwenye kupenda na aukate ukurasa huu, aubandike ukutani karibu na ruta. Na kompyuta ikikataa tena, kabla ya kusema "Nani ameiharibu?" mkono wa kwanza na uende kwenye simu, ukazime data, ukaulize lile swali: Simu inapata?

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi nakala za vyeti ndani ya simu. Kwaherini.