Leseni ya Kipande Kimoja

Fundi wa chuma akiulizwa bunduki ni nini, atajibu kuwa ni mtutu, kitako, mtambo wa kufyatulia na vinginevyo, vikiwa vimefungwa pamoja hata vikaweza kutoa risasi. Sheria ya Marekani haijibu hivyo. Kwa sheria hiyo, kipande kimoja tu, kile cha katikati kinachoshika nyundo na mtambo wa kufyatulia, ambacho hapa tutakiita kiwiliwili, chatosha kuwa bunduki. Kikiwa peke yake juu ya meza, hakina mtutu wala kitako, huhesabiwa kuwa bunduki kamili, na atakayekitengeneza kwa biashara hana budi kuwa na leseni. Vipande vingine karibu vyote ni vyuma tu. Mtu aweza kukereza mitutu elfu moja na kuiuza, wala Serikali Kuu ya nchi ile isimdai leseni ya kutengeneza silaha.

Twalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa wengi wao ni wafanyakazi wa karakana na viwanda, watu wajuao kipande ni nini. Na kwa kuwa nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimekwisha kutia saini mkataba unaosema kinyume cha hayo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938, iliyowataka watengenezaji na wauzaji kuchukua leseni, ilitaja bunduki pamoja na kipande chake chochote. Kisha ukaja mwaka 1968. Martin Luther King aliuawa kwa risasi mwezi wa Aprili, na Robert Kennedy mwezi wa Juni. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo Rais Johnson alitia saini sheria mpya ya silaha, nayo katika mambo mengi ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza. Lakini katika jambo la vipande ililegeza. Wabunge waliona kuwa haiwezekani kufuata kila skrubu na kila springi, basi wakachagua kiwiliwili, wakaacha vilivyobaki.

Hatuwacheki kwa hilo. Katika mwaka 1968 kutengeneza kiwiliwili kulitaka kiwanda, mashine kubwa na mafundi waliofunzwa miaka mingi. Aliyekishika kiwiliwili alikuwa ameishika bunduki yote, kwani mtutu bila ya mahali pa kufungwa haumwui mtu.

Na leseni yenyewe si karatasi ya mchezo. Mwenye kuitaka yampasa awe ametimiza miaka 21, asiwe amepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa, na awe na mahali maalumu pa kazi. Ada ya mtengenezaji wa bunduki za kawaida ni dola 150 kwa miaka mitatu. Mtengenezaji wa risasi hulipa dola 30. Na wa mabomu na silaha nyingine za kuangamiza hulipa dola 3,000. Kila kiwiliwili kipigwe namba, nayo namba izame ndani ya chuma kwa kina kisichopungua sehemu 3 katika 1,000 za inchi, herufi zake zisiwe fupi kuliko sehemu moja ya 16 ya inchi, ili isifutwe kwa tupa kirahisi. Madaftari yatunzwe. Mkaguzi aweza kuingia mara moja katika kila miezi kumi na miwili bila ya hati ya mahakama. Afanyaye biashara hiyo bila ya leseni aweza kufungwa miaka mitano. Juu ya hayo iko kodi ya asilimia 10 kwa bastola na asilimia 11 kwa bunduki ndefu, na fedha zake, jambo ambalo wengi hawalijui, huenda katika kuhifadhi wanyama wa porini.

Namba ile ndiyo roho ya mambo yote. Polisi wakiokota bunduki mahali pa mauaji, hupeleka namba katika ofisi ya Serikali Kuu iliyoko Martinsburg, West Virginia. Ofisi humwuliza mtengenezaji alimwuzia nani, kisha muuzaji wa jumla, kisha mwenye duka, mpaka afikiwe mtu wa kwanza aliyeinunua. Kazi yenyewe ni ya taratibu mno, kwa kuwa sheria ya nchi ile inakataza Serikali Kuu kuweka daftari moja la wenye bunduki wote. Hata hivyo njia ipo. Pasipo namba, hakuna njia.

Sasa yatazameni maneno mawili yanayoishika sheria hiyo: kiwiliwili, na biashara. Leseni yatakiwa kwa mtu aifanyaye kazi hiyo kuwa biashara yake, mwenye kutafuta riziki na faida. Anayejitengenezea bunduki moja nyumbani kwa matumizi yake hadaiwi leseni na Serikali Kuu, wala hadaiwi kupiga namba, ingawa baadhi ya majimbo, kama vile California na New York, yana masharti yake makali zaidi. Basi wafanya biashara werevu wakajiuliza: je, tukiuza kiwiliwili ambacho hakijamalizika? Wakauza kipande kilichokwisha fanywa sehemu nane katika kumi, kimebakiwa na matundu machache ya kutoboa kwa keekee na ukingo wa kusugua kwa tupa. Wakaweka ndani ya sanduku lile lile mtutu, springi na kila kinachohitajika. Ati kwa kuwa kipande hakijatobolewa, si bunduki. Na kwa kuwa si bunduki, hakuna leseni, hakuna namba, wala hapana haja ya kumwuliza mnunuzi kama amepata kufungwa kwa unyang'anyi.

Matunda yake yalionekana. Tangu Januari 2016 mpaka Desemba 2021, polisi wa Marekani waliiarifu Serikali Kuu juu ya bunduki 45,240 zisizo na namba, zilizodhaniwa kuwa zimetengenezwa na watu binafsi na kuokotwa mahali palipodhaniwa kuwa pa uhalifu. Kati ya hizo, 692 zilihusika na mauaji au majaribio ya kuua. Wenyewe huziita bunduki za mizimu. Katika mwaka 2021 peke yake zilikaribia 20,000, yaani mara kumi ya zile za mwaka 2016.

Serikali ilitunga kanuni iliyoanza kutumika tarehe 24 Agosti 2022, ikasema kwamba sanduku la vipande viwezavyo kugeuzwa kwa wepesi kuwa bunduki ni bunduki, na muuzaji wake achukue leseni. Wafanya biashara wakaenda mahakamani. Tarehe 26 Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi ile, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilikataa kuiangusha kanuni hiyo. Jaji Gorsuch, aliyeiandika hukumu na ambaye hajulikani kuwa adui wa wenye bunduki, alieleza habari za mtu ambaye hakuwa amepata kuliona sanduku la namna hiyo, akapewa moja, akamaliza kuunda bastola kwa vyombo vya kawaida katika muda wa dakika 21. Pia aliyakumbusha maneno ya sheria yenyewe, ambayo huita silaha kitu chochote kinachoweza kugeuzwa kwa wepesi kitoe risasi. Hata bastola ya kuanzishia mbio imetajwa humo. Hakusema kuwa kila kipande cha bati ni bunduki. Alisema kuwa baadhi ya masanduku yale hapana shaka ni bunduki, na hiyo yatosha.

Sisi twaona hukumu ile ilikuwa ya haki, lakini twaona pia ufinyu wake. Kanuni hutungwa na Serikali moja na yaweza kufutwa na nyingine. Maneno ya mwaka 1968 hayakubadilishwa na Bunge. Na maneno ya kanuni za zamani zilizoifuata sheria ile yalikwisha kuleta aibu mahakamani. Yalisema kuwa kiwiliwili ni kile kinachoshika nyundo, komeo la kufungia risasi na mtambo wa kufyatulia. Bunduki ya AR-15, iliyoenea kuliko nyingine nyingi katika nchi ile, imegawanyika sehemu mbili: ya chini yashika nyundo, ya juu yashika komeo. Hakuna hata moja inayoshika vyote! Mwaka 2019 jaji mmoja wa California, katika kesi ya kiwanda kidogo ambacho mteja aliachiwa abonyeze kitufe cha mashine ili ionekane kuwa amejitengenezea mwenyewe, aliona kuwa sehemu ya chini haitimizi maana ya maneno hayo. Waendesha mashitaka wakaona heri wapatane na mshitakiwa kuliko hukumu ya namna hiyo iandikwe.

Watetezi wa mambo yalivyo husema kuwa kipande kidogo hakishikiki kwa sheria. Maneno hayo si kweli, na sheria yao wenyewe yawakanusha. Kile kidude kidogo, pengine si kikubwa kuliko sarafu, kinachotiwa katika bastola ili ipige mfululizo bila ya kuachia kidole, sheria hiyo hiyo hukiita bunduki ya rashasha, hata kikiwa peke yake mfukoni. Kipande kilichokusudiwa kwa kizuia sauti tu huhesabiwa kuwa kizuia sauti. Na mpaka Machi 2020 mtengenezaji wa mitutu, hata asiyeuza nje ya nchi, alipaswa kujiandikisha kila mwaka katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje na kulipa zaidi ya dola 2,000. Yaani sheria ya kuuza silaha nje iliuona mtutu ambao sheria ya ndani haikuuona.

Nchi zetu zilishika njia nyingine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001, ambayo Marekani haimo, yataja katika vipande vya bunduki mtutu, kiwiliwili, komeo na kizuia sauti, na yahesabu kuwa haramu kutengeneza silaha bila ya leseni au bila ya kuitia alama. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi kumi na moja, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwamo, yafuata njia hiyo, na yadai kila silaha ipigwe jina la mtengenezaji, nchi na namba.

Hilo ni jema, lakini lina deni lake kwa fundi. Wote twamjua fundi wa gobore. Mara nyingi mtutu wake ni bomba la chuma lililookotwa, na karakana yake ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza majembe, mapanga na bawaba za milango. Itifaki ya mwaka 2001 haisemi kuwa kila bomba ni mtutu. Yasema kipande kilichoundwa mahsusi kwa ajili ya silaha na ambacho silaha haifanyi kazi bila yake. Mpaka huo ni wa haki, nao wamlinda mhunzi mnyofu, lakini yamfaa nini ikiwa umeandikwa katika karatasi asizopata kuziona? Tungetaka orodha ya vipande hivyo, kwa Kiswahili na kwa picha, ibandikwe katika kila kituo cha polisi na katika kila ofisi inayotoa leseni za karakana, ili mhunzi aisome mwenyewe kabla hajawasha moto, na askari aisome kabla hajamfunga pingu.