Nani Mwenye Haki ya Kuita Vita Kuwa Vita?

Wanachama wengi wakisikia Mikataba ya Geneva hudhani ni habari ya Wazungu waliopigana wenyewe kwa wenyewe, wala haituhusu. Sisi twasema inatuhusu sana. Limo ndani yake neno moja ambalo wakoloni walilichezea, na kwa kulichezea wakawanyonga ndugu zetu huku wakidai wanafuata sheria. Neno lenyewe ni "vita".

Tazameni mambo yalivyopangwa. Mwaka 1949 madola yalikubaliana juu ya mikataba minne: wa majeruhi wa nchi kavu, wa majeruhi wa baharini, wa mateka wa vita, na wa raia. Karibu vifungu vyote hufanya kazi pale tu dola moja linapopigana na dola jingine au kuikalia nchi yake. Hapo askari akikamatwa ni mateka wa vita. Atawekwa kambini, atalishwa, ataandika barua kwao, na vita vikiisha atarudishwa. Hawezi kuhukumiwa kwa sababu tu alishika bunduki.

Kwa mapigano ya ndani ya nchi moja kiliwekwa kifungu kimoja, Kifungu cha 3, ambacho kimo katika mikataba yote minne. Chakataza kuwaua waliosalimu amri, kutesa, kudhalilisha, kushika watu rehani, na kunyonga mtu bila hukumu ya mahakama ya haki. Lakini hakimpi mpiganaji cheo cha mateka wa vita. Na chini ya hapo ipo ngazi ya fujo, ambayo mikataba haiigusi. Ni kazi ya polisi na hakimu.

Basi nani wa kusema haya ni mapigano na haya ni fujo? Kifungu cha 3 chataja mapigano ya silaha yasiyo ya kimataifa, lakini hakielezi maana yake. Ureno ililiona tundu hilo mapema. Ilipotia sahihi iliandika kwamba, maadamu maneno hayo hayakuelezwa, wala haijulikani uasi unageuka vita wakati gani, inajiwekea haki ya kutokitumia kifungu hicho pale kitakapopingana na sheria zake, katika nchi zote inazozitawala. Angalau Wareno waliandika. Wenzao walifanya vivyo hivyo kimya kimya.

Uingereza ilitia sahihi mwaka 1949. Mwaka 1952 ikatangaza Hali ya Hatari Kenya, ikaleta majeshi na ndege za kudondosha mabomu msituni, na bado ikasema hivi si vita. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 hakushitakiwa kama jemadari aliyeshindwa, bali kwa kukutwa na bastola na risasi, kana kwamba ni mwizi wa njiani. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Uingereza ikairidhia mikataba Septemba mwaka huo huo! Waliopelekwa kitanzini wakati wa Hali ya Hatari walizidi 1,000, na katika kambi ya Hola, Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo. Mwaka 2013 serikali ya London ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 na kusema inasikitika. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Ufaransa nayo iliziita miaka minane ya damu Algeria kazi ya kulinda amani, na bunge lake halikuliweka neno "vita" katika sheria mpaka 1999. Waalgeria hawakungoja. Mwaka 1960 serikali yao ya muda, ikiwa bado uhamishoni, ilijiunga na Mikataba ya Geneva, ikaonyesha dunia nani anaogopa sheria.

Ndipo katika mkutano wa Geneva wa 1974 hadi 1977 nchi zilizokwisha jikomboa zikadai maana ibadilishwe. Vyama vya ukombozi vilivyotambuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika vilialikwa kukaa barazani, ingawa bila kura. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ikaandika kwamba watu wanaopigana na utawala wa kikoloni, na ukaliaji wa kigeni, na serikali za ubaguzi wa rangi, vita vyao ni vya kimataifa. Kura 87 zilikubali kifungu hicho, moja ya Israel ikakataa, na 11 hazikuegemea upande. Uingereza iliridhia Itifaki mwaka 1998. Marekani mpaka leo haijaridhia. Makaburu hawakujiunga, ANC ilipotangaza mwaka 1980 kwamba itaifuata sheria hiyo, mahakama za Pretoria na Cape ziliendelea kuwahukumu vijana wake kama wahalifu.

Na mapigano yasiyo ya ukombozi je? Hapo jibu lilitoka karibu na kwetu. Mwaka 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilisema katika kesi ya Akayesu kwamba ukali wa mapigano haupimwi kwa maoni ya wanaopigana. Hupimwa kwa mambo yenyewe yalivyo. Hukumu hiyo yastahili kusomwa katika kila tawi.

Twasema hivi kwa sababu maneno ya mkoloni tuliyarithi pamoja na ofisi zake. Mau Mau ilibaki chama haramu katika sheria za Kenya mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika Afrika huru pia serikali zimekuwa nyepesi kusema ni magaidi tu, ni operesheni tu. Wabunge wetu wakiambiwa hivyo na waulize: mapigano yameendelea muda gani? Ni polisi wanaotumika, au jeshi lenye mizinga? Wa upande wa pili wana viongozi na amri? Waliokamatwa wako wapi, na Msalaba Mwekundu umeruhusiwa kuwaona?