Mabiharusi wa ughaibuni, msivue jina la baba



Kuna ushauri unazunguka kwa mabiharusi wanaoolewa Uingereza: ukishafika tu, chukua jina la mume, mambo ya pasipoti yawe mepesi. Sisi hatukubaliani nao.

Kwetu Unguja na Pemba mtu ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Tuseme Fatma Juma Ali ameolewa na Hamad Khamis Said, wakajaaliwa binti, wakamwita Salma. Huyo ni Salma Hamad Khamis. Fomu ikitaka jina la mwisho, mama ni Ali, baba ni Said, mtoto ni Khamis. Nyumba moja, majina matatu, na yote ni sahihi.

Mama huyu akirudi London na mwanawe baada ya Idi, ofisa wa mpakani anaweza kumuuliza huyu mtoto ni nani wako. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wenyewe unataja kutofautiana majina ya mwisho kuwa sababu ya kuulizwa, na cheti cha kuzaliwa ni miongoni mwa ushahidi unaokubalika. Kumlinda mtoto asiibiwe ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini cheti hicho hicho kilishapelekwa mtoto alipoombewa viza au pasipoti. Kilisomwa, kikakubaliwa, na ada ikalipwa. Na gharama zenyewe si za mchezo! Kwa viza ya kwanza ya mke, ya miaka miwili na miezi tisa, tozo ya huduma za afya peke yake ni pauni 3,105, mbali na ada ya viza. Familia iliyotoa fedha zote hizo inastahiki angalau ofisi zisomeane mafaili, mama asithibitishe uzazi wake upya kila safari huku mtoto analia usingizi.

Kumwambia biharusi abadilishe jina ni kumbebesha yeye kasoro ya ofisi. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Na kwetu nasaba si pambo: Suratul-Ahzab, aya ya 5, inaagiza watu wanasibishwe kwa baba zao, na Bi Aisha r.a. alibaki binti Abubakar hata alipokuwa mke wa Mtume s.a.w. Ndugu zetu wa Muscat wanaishi hivyo hivyo na hakuna anayeshangaa.

Ila na kwetu kuna kero ya kujitakia. Fatma kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatuma kwenye Zan ID, Khamis hapa na Hamisi pale. Hilo halina uhusiano na dini wala mila, ni mkono wa karani tu, lakini ughaibuni herufi moja inatosha kusimamisha ombi zima. Wanaosajili wangeandika kama kilivyoandika cheti cha kuzaliwa, wasiandike kwa kusikia.

Basi biharusi, kabla cheti cha ndoa hakijatiwa saini, mwombe walii wako akilinganishe na pasipoti yako, herufi kwa herufi. Kurekebisha wakati huo ni dakika tano. Na ukisafiri na mtoto, vyeti vikae mkobani, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.