BWANA SHAMBA ANASEMA: Uliza Kabla ya Kuuza Maksai



Mzee mmoja wa hapa Issuna alinijia. Binti yake amefaulu fizikia, kemia na hisabati, kidato cha sita. Mtu wa mjini amemwahidi nafasi ya kusomea uhandisi nchi za nje. Anataka fedha upesi. Mzee alikuwa tayari kuuza maksai wawili.

Nilimwuliza, "Mzee wangu, unanunua mbegu ya alizeti bila kutazama lebo?"

Akajibu, "La, Bwana Shamba. Haitaota."

Na chuo ni hivyo hivyo. Kwanza, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Je, chuo hicho kinatambuliwa? Wakala huyo ana kibali? Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimsajili mwenye shahada isiyotambuliwa.

Pili, mwoneni mkuu wa shule. Nchi kama China na Hungaria huwalipia masomo baadhi ya Watanzania. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi hizo.

Tatu, msitoe fedha bila stakabadhi.

Leo maksai bado wanalima. Binti anajaza fomu pamoja na mwalimu wake. Nawe ukiwa na kijana kama huyo, njoo tuulize pamoja.