Vitenzi Vikaidi vya Kitaliani Vitangulizwe

Wako walimu wa Kitaliani ambao, kwa kupenda nidhamu, humwanzishia mwanafunzi vitenzi vitiifu vya mafungu matatu, viishiavyo kwa -are, -ere na -ire, wakavichelewesha vile visivyofuata kanuni. Rai yangu ni kwamba mpango huo wafaa kupinduliwa. Kwani essere, yaani kuwa, avere, kuwa na kitu, andare, kwenda, na fare, kufanya, ndivyo visivyomtoka Mtaliani kinywani tangu alfajiri hata usiku, na asiyevijua hawezi kueleza yeye ni nani wala aendako.

Ukaidi huo una sababu. Neno litumiwalo kila saa mtoto hulisikia kabla hajapata akili ya kupima kanuni, akalishika kama lilivyo. Ndiyo maana maumbo ya Kilatini yamesalimika humo. Fare ni facere iliyofupishwa, na hiyo facere yachungulia katika faccio, nafanya, na facevo, nilikuwa nikifanya. Na katika andare zimekutana asili mbalimbali, ndipo ukapata vado, nakwenda, lakini andiamo, twaenda. Nasi jambo hili si geni kwetu: mtoto wa pwani husema njoo, nenda na lete, wala hakuna aliyemwandikia jedwali.

Malindi na Watamu wapo vijana waliojifunza Kitaliani kwa kusemezana na watalii tu, nao vitenzi hivi ndivyo walivyovipata mwanzo, kwa kuwa haja iliwalazimisha. Mwalimu na aifuate haja hiyo: atangulize voglio, posso na devo, yaani nataka, naweza na yanipasa, maana kitenzi kifuatacho hakigeuki, na voglio mangiare ni nataka kula. Kisha alete ho fatto, nimefanya, na sono andato, nimekwenda, ambayo mwanamke husema sono andata. Na aliyelelewa katika upatanisho wa ngeli hilo halimtishi.

Watasema wapinzani kwamba kanuni itapotea. La hasha, kanuni hufahamika upesi, ilhali vikaidi vyataka kurudiwarudiwa, na kitakacho muda mrefu ndicho kistahilicho kuanzwa mapema. Jedwali nalo lisitupwe, bali lije baadaye, kuyapanga yale ambayo ulimi umekwisha kuyazoea. Na siku ya mtihani, mwanafunzi asiamriwe kuigeuza andare kwa nafsi zote sita. Aulizwe jana alikwenda wapi, na kwa shughuli gani.